Muulize fundi wa rangi: Malengelenge kwenye ngao ya Hilux

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya milango minne niliyoinunua mwaka juzi ikiwa imetumika Japani. Ngao ya mbele na ngazi za pembeni ni nyeusi, za ile rangi ya pauda inayookwa kiwandani. Naishi Bagamoyo, mita kama mia tatu kutoka baharini, na asubuhi gari huwa limelowa umande. Miezi minane iliyopita niliona vipele viwili kwenye ngao, karibu na bolti. Leo vimekuwa malengelenge. Nikiyachokonoa kwa kucha, rangi inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini ni kutu. Jirani amenishauri ninunue kopo la rangi ya kupuliza nipitishe juu, yaishe. Sina kompresa wala bunduki ya rangi. Nina uwanja, mwembe wenye kivuli kizuri na mikono yangu. Nimsikilize jirani, au nipeleke kwa fundi? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo kopo liache dukani kwanza. Ukipuliza leo juu ya malengelenge, masika hayataisha kabla hujaanza kuchokonoa tena, na safari hii utabandua rangi mbili badala ya moja. Kazi yenyewe unaiweza, hapohapo uwanjani, bila kompresa. Ila tenga siku nne.

Kwanza uijue rangi unayopambana nayo. Wengi wanadhani rangi ya pauda ni rangi ya kopo iliyopakwa kwa ustadi zaidi. Hapana. Ni unga mkavu, unaopulizwa ukiwa umechajiwa umeme ili ung'ang'anie chuma kilichounganishwa na waya wa ethi, kisha chuma kinaingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Humo ndani unga unayeyuka, unashikana na kuwa ganda moja gumu lenye unene wa mikroni 60 hadi 80 hivi, karibu na unene wa unywele wako. Ganda hilo likiwa zima halina mpinzani kwa chuma cha gari la kazi. Shida inaanza linapopata mwanya. Jiwe limeruka, spana imeteleza, au bolti imekazwa mpaka washa ikakwangua. Hapo maji yenye chumvi yanaingia na kusafiri kati ya ganda na chuma. Rangi ya kawaida ingepasuka mapema ukaona. Hii inabaki nyeusi na kung'aa huku kutu inatambaa chini yake. Kipele cha ukubwa wa sarafu mara nyingi kina kutu ya ukubwa wa kiganja.

Tena umesema gari limetoka Japani. Kule mikoa ya kaskazini hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo inawezekana kabisa kutu hii ilianzia huko, Bagamoyo ikaja kuilea.

Haya nimeyajua kwa kuharibu kazi ya mtu. Mwaka 1996, nikiwa na miaka miwili tu tangu nianze kushika bunduki ya rangi katika gereji moja hapa Tanga, ililetwa ngao ya lori lililokuwa likibeba chumvi. Nilikwangua palipobabuka tu, nikapaka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, nikapaka nyeusi, jua la Desemba likakausha vizuri. Mwenye lori aliridhika akaniongezea hela ya soda. Baada ya masika akarudi. Viraka vyangu vilikuwa vizima, na kuzunguka kila kiraka palikuwa na pete ya malengelenge mapya, kwa sababu nilikuwa nimeishia pale kutu ilipoonekana nikaiacha ile iliyojificha pembeni. Nilimrudishia fedha yake na kuifanya upya. Tangu siku hiyo sijawahi kuuliza kutu imeishia wapi. Nauliza rangi nzima inaanzia wapi, na nakwangua mpaka nifike hapo.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kushika msasa, chovya pamba kwenye thina usugue sehemu isiyoonekana kwa nusu dakika. Rangi ya pauda iliyookwa haitoki, sana sana itafifia mng'ao. Pamba ikiwa nyeusi tii na mahali pakawa pananata, basi kuna mtu alishapitisha rangi ya kopo juu kabla ya kukuuzia, na hiyo lazima itoke yote.

Fungua ngao, usipake ikiwa kwenye gari. Chomoa kwanza waya za taa za ukungu kama zimefungwa humo, na uwe na mtu wa pili wa kuishika kwa sababu ni nzito kuliko inavyoonekana. Kutu mbaya kuliko zote huwa nyuma ya vishikio, mahali chuma kimelaliana na chuma. Ikishakuwa chini, igonge kwa mpini wa spana kuanzia ncha moja hadi nyingine. Bomba zima linalia. Bomba lililooza kwa ndani linatoa sauti butu, na hapo jaribu kulidunga kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, rangi haina kazi tena hapo. Hicho ni chuma cha kukatwa na kuchomelewa kipya.

Halafu osha. Nalisisitiza hili kwa wasomaji wote wa pwani, maana ndilo linalorukwa kila siku. Ukianza na msasa juu ya chuma chenye chumvi, unaisaga chumvi na kuishindilia kwenye vishimo vya kutu. Ukishaifungia humo kwa rangi, haikai kimya. Chumvi inavuta maji, na kila rangi, hata iliyo bora, inapitisha unyevu kidogo kidogo. Maji yakikusanyika chini, rangi inainuka, na hayo ndiyo malengelenge yenyewe. Kwa hiyo sabuni ya unga, brashi ngumu na maji mengi, mpaka ndani ya mabomba na kwenye matundu ya bolti. Na visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ukioshea maji ya kisima cha namna hiyo, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya bomba au ya mvua.

Chuma kikikauka, chukua patasi butu au kisu cha puti, uingize kwenye ukingo wa lengelenge na kuusukuma nje, kila upande. Rangi itakuwa inapanda kirahisi, vipande vikubwa, kisha itafika mahali itakataa. Usitosheke na kukataa mara moja. Endelea sentimeta mbili tatu zaidi ndani ya rangi iliyokataa, ukiona chuma chake ni cheupe kinang'aa, hapo ndipo ulipofika. Kama kwenye ngao nzima zaidi ya theluthi imebanduka, acha kuhangaika na viraka. Peleka karakana inayopuliza mchanga na yenye tanuri, chuma kisafishwe chote na kupakwa pauda upya. Kabla hujawapa kazi, waulize watatumia praima gani chini ya pauda. Wakikwambia hawaweki praima, kwa mtu wa mita mia tatu kutoka baharini hiyo haitoshi.

Ukiwa chini ya hapo, endelea nyumbani. Vaa miwani ya kazi, kwa maana vipande vya pauda vinaruka kama vigae. Brashi ya waya iondoe kutu legelege. Wenye grainda wanapenda brashi yake ya duara kwa sababu ni ya haraka, ila ina hila moja: inaipiga kutu mpaka inang'aa kahawia, ukadhani ni chuma. Pitisha msasa namba 80 baada yake, ndio utakaokuonyesha ukweli na ndio utakaoacha mikwaruzo ya praima kushika. Kisha fanya ukingo wa rangi ya zamani uteremke taratibu: namba 120, kisha 180, kisha 240. Fumba macho upitishe kidole kutoka rangi hadi chuma. Ukihisi ngazi, bado. Ngazi ndogo tu ukingoni itaonekana juani na itakuwa mahali pa kwanza pa rangi mpya kuvunjika. Pauda iliyobaki nzima nayo ipige yote namba 320 mpaka ifubae, isiwe na hata alama ya kung'aa, kwa sababu rangi mpya haina pa kushika juu ya ule utelezi.

Vishimoni patabaki weusi usiotoka. Hapo tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, uvae glavu, uisugue ndani, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na uisuuze kama walivyoandika. Asidi iliyobaki inaiharibia praima. Kuna dawa nyingine zinazotumia tanini, zinazoigeuza kutu kuwa nyeusi. Wazee wa pwani wataielewa haraka, kwani tanini ndiyo iliyomo kwenye magome ya mkoko yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi, na ndiyo inayofanya msumari wenye kutu uwe mweusi ukiutumbukiza kwenye chai ya rangi. Nimewahi kuulizwa kama chai kali inatosha. Haitoshi, nunua dawa.

Osha mara ya mwisho, futa, anika juani. Ukiona umanjano mwepesi umerudi juu ya chuma, ambao kwa Bagamoyo utauona ndani ya saa moja mbili, pitisha msasa mkavu, futa kwa kitambaa safi chenye thina, na upake praima palepale. Chuma kilicho uchi kisilale usiku. Hii ndiyo sababu ya kupanga kazi kwa saa: osha na kumaliza msasa asubuhi, paka praima kati ya saa nne na saa tisa alasiri. Kabla ya saa nne chuma bado kina umande hata kama huuoni. Mafundi wa meli wana kanuni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya lile ambalo umande unaanza kujitengeneza. Huna kipimo hicho, basi futa chuma kwa kitambaa kilicholowa. Alama ya maji ikikauka ndani ya robo saa, paka. Ikigoma, ngoja.

Praima iwe ya epoksi, ya makopo mawili. Hiyo nyekundu ya kawaida ya kopo moja inafaa mageti ya Dodoma. Kwako wewe haitafika mbali. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa jicho, koroga, uiache itulie dakika walizosema kabla ya kupaka, na usichanganye zaidi ya utakayoimaliza, maana itagandia kopoini. Vaa glavu. Dawa ya kopo lake la pili inaweza kuianzishia ngozi yako mzio utakaokaa nao maisha. Brashi nzuri ya inchi mbili inatosha kabisa, wala usione unyonge kukosa bunduki. Kwenye kutu brashi inasukuma praima ndani ya vishimo kuliko hewa.

Anza na kingo. Kila kona, kila mdomo wa tundu la bolti, kila mshono wa kuchomelea, upake peke yake kwanza, ndipo urudi kupaka kote. Rangi ikiwa majimaji inaukimbia ukingo mkali na kuacha ngozi nyembamba, na ndiyo maana kutu hupenda kuanzia hapo. Kingo kali kabisa ziguse kwa tupa ziwe duara kidogo. Praima mikono miwili, yaani matabaka mawili. Juu yake rangi ya mafuta nyeusi mikono miwili, kila mmoja ukipewa siku yake ya kukauka. Usiache epoksi bila kitu juu, jua litaifanya iwe unga. Na paka ngao nzima, usipake kiraka. Nyeusi ya kiwandani na nyeusi yako hazitafanana hata ukinunua ya bei gani.

Kuhusu mwembe: kivuli kizuri, ila usipake chini yake. Utomvu, maua, sisimizi, ndege. Funga turubai mahali pa wazi, ning'iniza ngao kwa waya wa kufungia nondo uliopitishwa kwenye matundu ya bolti, na umwagilie mchanga wa chini maji kidogo saa moja kabla ili vumbi litulie.

Ikishakauka usiharakie kuirudisha. Kuguswa itakubali kesho yake, kukazwa bolti inataka wiki. Ndani ya mabomba mimina nta ya kuzuia kutu ya magari, uzungushe, na uhakikishe tundu la chini la kutolea maji halijaziba. Bolti zipake grisi. Baada ya hapo, kila ukitoka ufukweni osha ngao kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile. Ngazi za pembeni utazifanya kwa njia hiihii, ukiangalia zaidi tumbo lake la chini, ambako matairi yanarushia mchanga.

SWALI: Fundi, hongera kwa kazi. Nina Canter ya tani tatu, nabeba ndizi na mbao. Rimu zake zilipakwa rangi ya pauda na mwenye gari wa kwanza, sasa zinababuka. Kijana wa gereji anasema atazipitishia moto wa gesi, rangi itoke kwa dakika tano bila hata kuvua matairi. Mimi nilifikiria kununua unga wa rangi nizioke mwenyewe, nyumbani tuna oveni kubwa ya kuokea mikate. Ipi bora? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Zote mbili hapana, na ya kwanza nakuomba umwambie huyo kijana leo, usingoje kesho.

Rimu yenye tairi haipigwi moto kamwe. Mpira wa tairi kwa upande wa ndani ukipata joto kali unaanza kutoa gesi inayowaka, na tairi linaweza kulipuka kwa nguvu ya kumtoa mtu uhai, hata kama mlitoa upepo kidogo kabla. Na rimu iliyovuliwa tairi nayo usiichome. Ile ni chuma inayobeba mzigo wako wote. Moto wa kupitisha unaipasha upande mmoja, inapinda, na uimara wa chuma unabadilika mahali usipopaona. Moshi wa pauda inayoungua nao ni sumu ya mapafu.

Oveni ya mikate itakuwa imekwisha kazi ya mikate siku utakapoingiza rangi humo. Hairudi kwenye chakula. Ikiwa ni ya gesi, unga wa rangi ukitanda hewani karibu na moto unaweza kuwaka kama vumbi la unga wa kinu linavyowaka. Pauda ni ya karakana yenye tanuri lake.

Vua matairi, na uzifanye kwa brashi ya waya, msasa na epoksi kama nilivyomweleza msomaji wa Bagamoyo. Lakini rimu ina mambo mawili ambayo ngao haina. Kwanza, kabla ya rangi itazame vizuri kuzunguka matundu ya nati na yale matundu ya hewa. Ukiona mstari wa kutu umechirizika kutoka kwenye tundu la nati, ni dalili kwamba nati ilikuwa inalegea au rimu ina ufa. Futa, mwagia mafuta ya taa, pangusa, uangalie kama mafuta yanachomoza tena kwenye mstari mwembamba. Penye ufa hapapakwi rangi wala kuchomelewa. Rimu hiyo ni ya kutupa.

Pili, mahali nati inapokaa na uso unaolala kwenye habu (kitovu cha gurudumu) uache bila rangi nene. Funika kwa utepe wa kufunikia rangi, au utandaze praima nyembamba mno tu. Rangi iliyo nene hapo inabanwa, inasagika, inatoka, na nati uliyoikaza kwa nguvu zako zote inabaki imelegea ukiwa unateremka na mzigo. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hadi 100, simama, kaza tena kila nati. Fanya hivyo hata kama umechoka.

SWALI: Asalamu alaikum fundi. Mume wangu apaka rangi vyuma vya matrela hapa uani petu Changamwe, mabampa na mabomba, jioni akitoka kazini. Atumia rangi ya kuchanganya na hadina, apuliza kwa bunduki, hapo hapo karibu na mlango wa jikoni. Puani hujifunga leso. Mtoto wetu ana miaka minne na ana pumu, na siku za rangi hukohoa usiku kucha. Nikisema, mume wangu aniambia ni harufu tu, itapita. Naomba unijibu wewe, labda fundi mwenzake atamsikia. (Mama wa mtoto, Mombasa)

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Sehemu hii namwandikia yeye, umsomee.

Bwana fundi, hadina, ile dawa ya kugandisha rangi za kung'aa unazopuliza, mara nyingi ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Harufu unayoisikia ni ya thina. Isosayaneti zenyewe karibu hazina harufu, na ukifika wakati wa kuzinusa umeshavuta kuliko inavyofaa. Hizi ndizo zinazoanzisha pumu kwa wapiga rangi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka bila tatizo, kisha siku moja mwili ukakataa, na ukishakataa hata kiasi kidogo kabisa kinambana kifua. Nilifanya kazi na rafiki yangu bega kwa bega miaka tisa. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, hakuwahi kuacha mchirizi. Leo hawezi kupita mlangoni mwa gereji. Akija kunisalimia husimama ng'ambo ya barabara, mimi ndiye namfuata.

Leso haizuii kitu. Barakoa ya vumbi haizuii kitu. Wanaofanya kazi hii sawasawa wapo ndani ya chumba chenye feni ya kutoa hewa, wamevaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Uani karibu na jiko hakuna namna ya kuifanya iwe salama, na mtoto wa miaka minne mwenye pumu tayari yuko hatarini kuliko sisi wote.

Sikwambii uache riziki. Ninakuomba kazi ya hadina uipeleke kwa gereji yenye chumba cha kupulizia, hata kwa kulipia siku. Nyumbani baki na brashi na rangi ya mafuta ya kopo moja, mbali na mlango, mtoto akiwa hayupo hadi itakapokauka. Epoksi ya brashi kwa kawaida haina isosayaneti, lakini nayo si ya kuchanganyia karibu na mtoto. Msasa upige kwa maji badala ya mkavu, kwa kuwa rangi za zamani kwenye vyuma vya malori zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake linalala sakafuni anapotambaa na kuchezea mtoto. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake.

Na wewe dada, usingoje jibu la gazeti kwa ajili ya kikohozi cha usiku. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani hupulizwa rangi yenye hadina. Asipoambiwa hatalijua.

SWALI: Ngazi za pembeni za pikapu yangu ni za aluminiamu zenye rangi ya pauda. Hazina kutu nyekundu, ila rangi imeinuka na chini kuna unga mweupe. Nitumie dawa ya kutu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Usitumie. Ule unga mweupe ni aluminiamu yenyewe inayolika, na mara nyingi chanzo ni bolti za chuma zilizoshikilia ngazi. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja inaliwa, na hapa inayoliwa ni aluminiamu. Kwangua kwa namna ileile mpaka rangi ikatae, lakini usitumie brashi ya waya ya chuma cha kawaida, inaacha chembe za chuma ndani na zitakuletea madoa ya kutu mahali ambapo hapakuwa nayo. Tumia msasa namba 180 au brashi ya chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu iliyokwanguliwa huanza kujifunika upya mara moja, kwa hiyo futa kwa thina na upake epoksi saa ileile, ukiwa umesoma kwenye kopo kwamba inafaa aluminiamu. Unapofunga, weka washa za plastiki au za mpira kati ya bolti na ngazi, na upake grisi kwenye nyuzi za bolti.